Alichokibeba Greg Louganis Kwenye Ubao wa Seoul

Katika mji wa Pasadena, California, kulikuwa na bwawa la umma la kuogelea, Brookside, ambalo miaka ya 1930 watoto wasio weupe waliruhusiwa kuingia siku moja tu kwa wiki. Siku hiyo ikiisha, maji yalimwagwa na bwawa likajazwa upya, ili watoto wa Kizungu wakija wasikute maji waliyoogea wenzao. Sammy Lee, mtoto wa wahamiaji kutoka Korea, alikuwa miongoni mwa wale wa siku moja. Siku nyingine alijifunza kuchupa, yaani ule mchezo wa kuruka majini kwa mizunguko kutoka kwenye ubao au jukwaa refu, kwa kujirusha kwenye shimo la mchanga alilochimba kocha wake. Mtoto huyo akakua, akasomea udaktari, akavaa sare ya jeshi la Marekani, na mwaka 1948 mjini London akatwaa dhahabu ya Olimpiki kwenye jukwaa la mita 10. Akaichukua tena Helsinki mwaka 1952.

Namtanguliza Sammy Lee kwa sababu ndiye aliyemwona mapema Greg Louganis, mchupaji Mmarekani aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki. Mwaka 1971, kwenye mashindano ya watoto, alimtazama kijana wa miaka 11 akiruka na kujua kwamba hajawahi kuona kipaji kama kile. Baadaye akamfundisha bila malipo na kumkaribisha nyumbani kwake. Namtanguliza pia kwa sababu habari ya Louganis, kila ninapoirudia, inanirudisha kwenye lile bwawa lililomwagwa maji: nani ameyagusa maji haya, na sisi tutaingiaje baada yake?

Louganis alizaliwa tarehe 29 Januari 1960, baba Msamoa na mama mwenye asili ya Uswidi, wote wawili wakiwa bado watoto wa shule kwa umri. Akiwa na miezi tisa alichukuliwa kulelewa na Peter na Frances Louganis, Peter akiwa Mmarekani mwenye asili ya Ugiriki, wakaishi El Cajon karibu na San Diego. Dada yake alikuwa akisoma dansi. Mtoto akamfuata darasani akiwa na mwaka mmoja na nusu, na kufikia miaka mitatu alikuwa akicheza mbele ya hadhira. Alikuwa na pumu. Shuleni alipata shida mbili zaidi: ulimi wenye kigugumizi, na herufi zilizokataa kutulia mbele ya macho yake, tatizo ambalo hakuna aliyelibaini mpaka alipofika chuo kikuu. Wenzake walimwita mjinga. Wakamtania pia kwa rangi ya ngozi yake. Akiwa na miaka 12 alijaribu kujiua.

Kuchupa kulianza nyumbani. Familia ilijenga bwawa uani, naye akaanza kufanya sarakasi zake za jimnastiki kutoka kwenye ubao. Mama yake akaogopa mtoto atavunjika shingo, akampeleka kwa mwalimu. Lakini angalia mpangilio: dansi ilitangulia, hadhira ilitangulia, na maji yakaja baadaye. Kwenye dansi alifundishwa kuuona mchezo mzima kichwani kabla ya kuucheza, hatua kwa hatua, pamoja na muziki wake, na ndivyo alivyochupa maisha yake yote. Wanaoandika kwamba alikuwa mwanamichezo aliyejaribu kuigiza baada ya kustaafu wanaanza hadithi kutoka katikati. Jukwaani hakuhitaji kusoma wala kuongea, na kigugumizi hakikumfuata huko.

Kwenye Olimpiki ya Montreal 1976, akiwa na miaka 16, alipata medali ya fedha kwenye jukwaa la mita 10 nyuma ya Mwitaliano Klaus Dibiasi, aliyekuwa akichukua dhahabu yake ya tatu mfululizo. Sisi huku tunaikumbuka Montreal kwa jambo jingine kabisa. Tanzania na Kenya hazikuwepo, kama zilivyokosekana nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na ule mpambano wa Filbert Bayi na John Walker kwenye mita 1,500 ambao dunia ilikuwa ikiusubiri haukufanyika. Miaka minne baadaye zamu iliwageukia Wamarekani. Rais Carter akasusia Moscow, akamtuma Muhammad Ali Afrika kushawishi viongozi wasusie naye. Kenya ikakubali. Mwalimu Nyerere hakukubali hata kuonana na Ali, na Tanzania ikaenda Moscow na kurudi na medali mbili za fedha, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui. Louganis alikuwa na miaka 20, bingwa wa dunia wa jukwaa tangu 1978. Akabaki nyumbani.

Miaka hiyo hiyo ya kungoja alikuwa akisomea maigizo. Alianza Chuo Kikuu cha Miami, akahamia tawi la Irvine la Chuo Kikuu cha California, akahitimu mwaka 1983 akiwa amesomea sanaa za maonyesho, na dansi pembeni. Mchana bwawani na kocha Ron O'Brien, na masomo yake yote yakiwa ya jukwaani. Mtu anayechupa kwa namna aliyochupa yeye amesomea jinsi mwili unavyosema. Tazama video zozote za miaka ile. Wenzake wanapiga mahesabu. Kwao unaona juhudi, meno yameumana. Yeye anapanda juu kuliko wote, anakaa hewani kama mwenye muda wa kutosha, kisha anaingia majini wima na maji hayaruki. Mwaka 1982 huko Guayaquil, Ecuador, kwenye mashindano ya dunia, majaji wote saba walimpa 10 kwa mruko mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye mashindano ya kimataifa. Los Angeles 1984 alishinda ubao na jukwaa, mwanamume wa kwanza kufanya hivyo katika Olimpiki moja baada ya miaka 56, na kwenye jukwaa alikusanya pointi 710.91. Kabla yake hakuna aliyevuka 700.

Nisiupite upande wa hatari, kwa sababu ndio unaoeleza Seoul. Mwaka 1979 huko Tbilisi kichwa chake kiligonga jukwaa, akazimia. Mwaka 1983 kwenye michezo ya vyuo vikuu mjini Edmonton, Kanada, alikuwapo wakati Sergei Chalibashvili, kijana kutoka Georgia ya Kisovieti, alipogonga kichwa kwenye jukwaa la mita 10. Louganis alisikia zege likitetemeka. Kijana yule hakuzinduka tena, akafariki siku chache baadaye. Mruko uliomuua ni ule wa mizunguko mitatu na nusu ya kurudi nyuma, amejikunyata magoti kifuani. Shika mruko huo akilini, tutaukuta tena.

Machi 1988, miezi sita kabla ya Olimpiki ya Seoul, Louganis alipima na kukutwa na VVU. Mwenzi wake, aliyekuwa pia meneja wake, alikuwa akiumwa. Wazo lake la kwanza lilikuwa kufunga mizigo, arudi nyumbani ajifungie ndani angoje kufa, na kwa mwaka ule wazo hilo halikuwa la ajabu. Daktari wake akamwambia jambo bora kwa afya yake ni kuendelea na mazoezi. Dawa iliyokuwepo ilikuwa moja, AZT, nayo ilimezwa kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Kwa hiyo mwanamichezo huyu akafanya mazoezi ya Olimpiki huko Boca Raton, Florida, akiamshwa usiku na alamu ameze kidonge, na O'Brien akiwa miongoni mwa watu wachache mno waliojua kwa nini. Marekani yenyewe tangu 1987 ilikuwa imefunga mipaka yake kwa wageni wenye VVU, sheria iliyodumu hadi Januari 2010. Louganis aliamini kwamba kama Wakorea wangejua, asingeruhusiwa kuingia nchini.

Tarehe 19 Septemba 1988, mchujo wa ubao wa mita 3. Mruko wake wa tisa ni mizunguko miwili na nusu ya kurudi nyuma, miguu imenyooka, mwili umekunjwa kiunoni. Katika miruko ya aina hii mchezaji anasimama akitazama maji na kuruka mbele, lakini mwili unazunguka kuelekea nyuma, ubaoni. Asiporuka mbali vya kutosha, ubao unamngoja njiani. Louganis akapanda wima, wima mno. Akazunguka, akafunguka, na nyuma ya kichwa chake ikagonga ncha ya ubao. Mlio wake unasikika kwenye video. Akaanguka majini bila mpangilio, ukumbi ukashtuka kwa pamoja, naye akaogelea mwenyewe hadi ukingoni na kutoka amejishika kichwa.

Sote tulioiona video hiyo tunaijua hadi hapo. Yaliyokuwa kichwani mwake yalijulikana miaka saba baadaye. Alikuwa akijiuliza kama damu imetoka. Kama imetoka, je, imeingia majini? Wenzake bado wanaruka kwenye bwawa lile lile. Daktari wa timu, James Puffer, akamshona haraka haraka ili awahi kurudi kwenye mchujo, na akamshona bila glavu. Louganis amekaa, ameinamisha kichwa, mikono mitupu ya mtu inagusa jeraha lake, na mdomo haufunguki. Ameeleza mwenyewe kwamba aliganda kwa hofu. Nimejaribu kujiweka kwenye kiti kile. Neno moja tu lingemlinda daktari. Neno hilo hilo lingemtoa mashindanoni, likaingia kwenye televisheni za dunia nzima kabla ya jioni, na mama yake angelisikia huko.

Alikosea kunyamaza? Ndiyo, kwa yule daktari alikosea, na yeye mwenyewe hajajitetea. Nasema hivyo nikijua kwamba bwawa halikuwa na hatari kwa wachezaji, maana damu kidogo ndani ya maji mengi yenye klorini haiambukizi mtu, na kwamba Puffer alipopimwa baadaye alikutwa salama. Lakini mimi nauliza zaidi juu ya dunia iliyomkalisha mtu kwenye kiti kile bila mlango wa kutokea.

Dakika 35 baadaye alikuwa ubaoni tena. Kabla ya kuruka alijigonga kifua kwa kiganja kuonyesha moyo unavyomdunda, na watazamaji wakacheka kwa kumhurumia. Kisha akaruka, na mruko ule ukapata alama kubwa kuliko miruko yote ya mchujo. Kesho yake kwenye fainali akaurudia ule uliompasua kichwa, kwa sababu ulikuwa kwenye orodha yake na orodha haibadilishwi, akamaliza na dhahabu.

Kwenye jukwaa mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapa naomba niingie kwenye hesabu kidogo kwa sababu naipenda. Mpinzani alikuwa Xiong Ni wa China, mtoto wa miaka 14. Kabla ya mruko wa mwisho Xiong alikuwa mbele kwa pointi 3. Akaruka vizuri sana, mruko wenye ugumu wa 3.2, akapata 82.56. Louganis akapanda na mruko wenye ugumu wa 3.4: mizunguko mitatu na nusu ya kurudi nyuma, magoti kifuani, ule ule wa Edmonton. Akapata 86.70. Alama hupatikana kwa kujumlisha maksi kana kwamba majaji ni watatu, kisha kuzidisha kwa ugumu, kwa hiyo ukigawa kwa ugumu na kisha kwa tatu utaona kwamba majaji walimpa mtoto wa Kichina wastani wa 8.6 na Louganis 8.5. Xiong aliruka safi zaidi. Louganis aliruka kigumu zaidi, na tofauti ya mwisho ikawa pointi 1.14, 638.61 kwa 637.47. Akawa mwanamume wa kwanza kushinda dhahabu zote mbili za kuchupa katika Olimpiki mbili mfululizo. Video inamwonyesha akilia mikononi mwa O'Brien, na watangazaji wakieleza kwamba ni furaha na lile pigo la kichwa. Xiong naye hakupotea: alitwaa dhahabu ya ubao Atlanta 1996 na Sydney 2000.

Baada ya Seoul alistaafu, na miaka iliyofuata ilikuwa mibaya. Yule mwenzi na meneja, kwa maelezo ya Louganis mwenyewe, alikuwa amempiga, amembaka akimshikia kisu, na kumpunja fedha zake kwa miaka. Alifariki kwa UKIMWI mwaka 1990. Mzee Peter Louganis akafariki kwa saratani mwaka 1991.

Ndipo mwaka 1993 mjini New York akapanda jukwaani kwenye tamthilia iitwayo Jeffrey, nafasi ya Darius, mcheza dansi mchangamfu ambaye ana virusi na anakufa kabla ya mchezo kwisha. Watu walikuja kumwona bingwa wa Olimpiki akiigiza. Walimpigia makofi mtu anayejifanya mgonjwa wa UKIMWI, wasijue kwamba mwigizaji mwenyewe alikuwa na virusi mwilini tangu kabla ya Seoul. Usiku baada ya usiku alisema maneno ya Darius kwa sauti, mbele ya wageni, na hakuna aliyekimbia ukumbini. Naamini kwamba kila lililofuata, kitabu, mahojiano, mikutano, lilifanyiwa mazoezi pale.

Naamini hivyo kwa sababu ya jambo ninalolijua kwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo mkoani Tanga. Tulikuwa vijana wa mtaa tukizunguka kwenye minada na viwanja vya shule na igizo la UKIMWI. Ngoma ilitangulia kukusanya watu. Watoto wakajaa mbele, akina mama wakasimama pembeni na vikapu vyao, wanaume nyuma kabisa wameegemea baiskeli. Igizo lenyewe lilikuwa lile unalolijua: kijana anakwenda mjini, anarudi amekonda, anakataa kwenda kupima, anaishia kitandani. Mwishoni tulijipanga mstari mmoja tukapaza sauti, “Mficha maradhi...” na uwanja mzima ukamalizia, “...kifo humuumbua!”

Kulikuwa na dada mmoja aliyetupita wote kwa kuigiza. Umpe mama mkwe, umpe mganga, umpe mwenye duka mchoyo, watu wataanguka chini kwa kicheko. Nafasi ya mgonjwa tu ndiyo hakuitaka. Kiongozi alimbembeleza mara nyingi, naye akajibu kwamba sauti yake haikai kwenye unyonge, tukadhani anaringa. Akachukua nafasi ya nesi. Alisimama mbele ya umati na koti jeupe lililomzidi mabega, akaeleza kwa ufasaha kwamba kula sahani moja na mgonjwa hakuambukizi, wala kushikana mikono, wala kulalia kitanda kimoja, na kina mama walitikisa vichwa kukubali. Miaka michache baadaye alifariki, na nduguze wakatuambia kwamba alikuwa akiijua hali yake wakati wote ule. Kila jioni alikuwa amesimama nasi kwenye mstari, akiipaza methali ile kwa sauti kubwa kuliko yetu.

Asubuhi dada yule aliuza maandazi sokoni. Nani angenunua andazi lake? Methali inamlaumu anayeficha, na sisi tuliipigia kelele wilaya nzima. Hatukuwahi kuigiza kinachompata asiyeficha: mwenye nyumba anayedai chumba chake, kikombe kinachotengwa jikoni kwa alama ya rangi ya kucha, posa inayovunjwa kwa ujumbe wa mtoto mdogo. Tungekuwa na akili tungeandika igizo la namna hiyo, na lawama tungewaelekezea waliokaa mbele yetu. Yeye alichagua koti la nesi na Louganis akachagua kitanda cha Darius. Nawaelewa wote wawili. Mmoja alikuwa akijilinda ale. Mwenzake alikuwa na medali nne za dhahabu na bado ilimchukua miaka saba.

Ni haki pia kukumbuka waliotangulia kusema. Mwaka 1989 Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda, alirudi nyumbani kutoka Uswidi akatangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani akiwa anadhoofika, wapo waliosema anatafuta jina tu, na Desemba mwaka huo huo akafariki. Magic Johnson, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, alitangaza mwaka 1991, na mwaka uliofuata alipotaka kurejea uwanjani, wachezaji wenzake wakaanza kuuliza itakuwaje akikwaruzwa na kutoka damu. Akaacha. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi, alilazimika kutangaza mwaka 1992 kwa sababu gazeti lilikuwa limeshapata habari. Louganis aliyaona yote hayo akiwa kimya.

Februari 1995 alikaa mbele ya mtangazaji Barbara Walters kwenye televisheni ya Marekani akasema kila kitu, na kitabu cha maisha yake, Breaking the Surface, kikatoka wakati huo huo na kuongoza orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi kule. Unaweza kubahatisha mazungumzo yaligeukia wapi. Kwenda bwawani. Maji ya Seoul. Kama wale vijana waliochupa baada yake wamepimwa. Wataalamu wakaeleza tena na tena kuhusu klorini, na watu wakaendelea kuuliza. Wadhamini wakaondoka, isipokuwa Speedo, kampuni ya nguo za kuogelea, iliyobaki naye hadi 2007.

Mwaka mmoja kabla, kwenye Gay Games ya New York 1994, michezo ya kimataifa ya wapenzi wa jinsia moja, alikuwa amejitangaza wazi kuwa ni mwanamume anayependa wanaume. Najua wapo wasomaji wangu watakaotamani ningeiruka sentensi hiyo. Siwezi, kwa sababu ndiyo nusu ya mzigo aliobeba ubaoni, na kwa sababu harakati zake zilianzia hapo. Mwaka 1993 madiwani wa Cobb, wilaya jirani na Atlanta, walipitisha azimio la kulaani watu kama yeye, na wakati huo huo wilaya hiyo ilikuwa imepangiwa mechi za voliboli za Olimpiki ya 1996. Louganis alikuwa miongoni mwa waliopinga hadharani, na mwaka 1994 voliboli ikahamishiwa mji wa Athens, katika jimbo hilo hilo la Georgia la Marekani. Hilo ni jambo la kushikika. Na kabla hajajipima mwenyewe alikuwa amefanya urafiki na Ryan White, mtoto wa Indiana mwenye ugonjwa wa damu kutoganda aliyeambukizwa kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na damu, kisha akafukuzwa shule. Alimpa moja ya medali zake. Ryan alifariki Aprili 1990 akiwa na miaka 18.

Kuigiza hakukumtajirisha. Alionekana kwenye filamu ya It's My Party mwaka 1996 na Watercolors mwaka 2008, akapanda majukwaa madogo, akazunguka vyuoni akizungumza, akafundisha mbwa michezo ya kuruka viunzi, jambo alilolichukulia kwa uzito ule ule wa bwawani. Nyumba yake ya Malibu nusura imtoke kwa madeni. Kuanzia 2010 mchezo wake ukamrudisha. Akafundisha watoto California, kisha akawa mlezi wa timu ya Marekani ya kuchupa hadi London 2012, ambako David Boudia alitwaa dhahabu ya jukwaa. Kazi aliyopewa haikuwa mbinu za ubaoni, makocha walikuwepo. Alizungumza na vijana juu ya fedha zao, mameneja wao, na maisha siku mashindano yanapokwisha. Mwaka 2016 picha yake ikawekwa kwenye boksi la Wheaties, nafaka za kifungua kinywa, heshima ambayo mabingwa wa Marekani huipata mara tu baada ya ushindi. Yeye aliisubiri miaka 28.

Tangu Seoul mambo ya tiba yamegeuka kabisa. Tanzania, ambako wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure mwaka 2004, na leo anayezimeza vizuri, kidonge kimoja kwa siku, virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake. Dada yetu wa Tanga aliondoka wakati dawa hizo ndio kwanza zinaanza kufika hospitali kubwa. Louganis alifika zama hizi akiwa hai. Ana miaka zaidi ya 35 na virusi.

Mwaka 2025 aliuza medali tatu kwenye mnada: fedha ya Montreal, dhahabu ya ubao ya Los Angeles na ile dhahabu ya jukwaa ya Seoul iliyopatikana kwa pointi 1.14. Zilileta zaidi ya dola 430,000. Akauza nyumba, akagawa vitu vyake, akahamia Panama. Watu wakaanza kumhurumia na kumtafutia sababu nzuri zaidi ya kusema. Yeye akaandika mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba alihitaji fedha, na kwamba wengine huuza biashara walizojenga, naye alichokuwa nacho ni medali.